Bunduki ya marehemu babu imeandikwa "W. RICHARDS": thamani yake inapimwaje?

#1 Mchungwa_wa_Muheza
Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada kwa wanaojua bunduki za zamani.

Babu yetu alifariki mwaka jana, Muheza. Enzi zake alikuwa nyapara kwenye shamba la mkonge la Mgiriki mmoja. Mashamba yalipotaifishwa mwaka 1967 yule Mgiriki aliondoka, akamwachia babu bunduki yake ya marisau (shotigani), ya mitutu miwili inayolala ubavu kwa ubavu. Babu akaikatia leseni, akaitunza maisha yake yote. Kazi yake ilikuwa kufukuza nyani na nguruwe shambani. Alipofariki, msimamizi wa mirathi aliipeleka polisi, na ndiko iliko hadi leo.

Shida ni mgawo. Baba mdogo ameingia mtandaoni akakuta bunduki za "Richards" zinauzwa mamilioni. Sasa anataka kwenye orodha ya mali iandikwe shilingi milioni 35, halafu shangazi apewe hiyo bunduki iwe ndiyo fungu lake lote, wanaume wabaki na ekari saba za michungwa. Shangazi ana miaka 61 na hajawahi kushika bunduki.

Nina picha moja tu niliyopiga kabla haijapelekwa. Ubavuni imechongwa W. RICHARDS. Ina nyundo mbili za nje. Mitutu ina mistari ya mawimbi kama mkeka wa ukindu. Je, ni kweli milioni 35?

#2 Ngosha_wa_Magu
Mkuu, hiyo mistari ni Damascus! Chuma cha Syria, hakifuliwi tena duniani. Milioni 35 ni bei ya kutupa. Msiuze.

#3 MzeeMarisau
Ngosha, taratibu kijana wangu. Nimekaa ghala la silaha la wanyamapori miaka 22, mitutu ya aina hiyo nimeifuta kwa mikono yangu.

"Damascus" ni jina la urembo tu. Mafundi walichukua fito za chuma na za pua, wakazisokota kama kamba, wakazizungushia kwenye nondo zikiwa nyekundu kwa moto, wakazigonga hadi zikashikana na kuwa bomba. Wakimaliza wanapaka dawa, ndipo ile mistari inajitokeza. Nyingi zilitoka Birmingham, na nyingi zaidi bonde la mto Vesdre, karibu na Liège, Ubelgiji. Syria hazikutoka. Na zilitengenezwa kwa wingi mno, kuanzia za kifalme hadi za kuuzia wakulima. Kwa hiyo mistari peke yake si bei.

Jina nalo. Baba mdogo atakuwa ameona Westley Richards, kiwanda cha Birmingham cha tangu 1812. Wale huandika jina lao kamili. Karakana za Liège zilikuwa zikichonga "W. Richards" kwenye bunduki za bei rahisi ili mnunuzi achanganye mambo. Marekani zimejaa.

Mchungwa, usisome ubavuni. Igeuze, usome chini.

#4 Nanyuki254
Shikamoo Mzee. Nakuheshimu lakini hapo umekata kesi mapema. W. Richards wa kweli alikuwepo Uingereza, na duka Liverpool. Si kila W. Richards ni ya kuiga. Kwa picha moja huwezi kusema ni ya Ubelgiji.

#5 MzeeMarisau
Marahaba Nanyuki. Umenisahihisha na ninakubali, wa Liverpool alikuwepo. Ndiyo maana nasema isomwe chini.

Mchungwa, mwombe mkuu wa kituo mtunza silaha wake akufungulie, wewe usiiguse. Akitoa kile kipande cha mti cha mbele, mitutu inachomoka kwenye kitako. Sehemu bapa iliyokuwa imefichika ndiyo yenye mihuri. Angalia haya:

Uingereza ina nyumba mbili za kujaribia mitutu kwa baruti nzito kabla haijauzwa, London ya tangu 1637 na Birmingham ya tangu 1813. Mihuri yao ina taji na herufi. Ya Liège ni duara la yai lenye herufi ELG na nyota. Yai likiwa na taji juu yake, ni ya kuanzia 1893. Bila taji, ni ya kabla ya hapo.

Ukikuta 12 na C ndani ya almasi usishangilie, wote wawili wanaitumia. Tazama kipimo cha tundu. Mbelgiji anaandika milimita, kwa mfano 18.4. Mwingereza wa zamani anaandika namba ya saizi, 12 au 13. Hiyo namba maana yake ni hii: ratili moja ya madini ya risasi ukiigawa vidonge 12 vilivyo sawa, kidonge kimoja ndicho kinachoenea kwenye mtutu wa 12. Ndiyo sababu namba ikipanda, tundu linapungua.

#6 Kanga_na_Kwale
Leo nimejifunza. Miaka yote nilidhani 12 ni idadi ya marisau ndani ya risasi 😅

#7 Fundi_wa_Ngamiani
Mihuri sawa, jina sawa, lakini mnasahau hali ya chombo. Kwangu mimi hali ndiyo nusu ya bei.

Mitutu ikishachomolewa, mtu aitundike kwenye kidole kwa ile ndoano ya chini, aigonge kidogo kwa ukucha au kipande cha mti. Ikiwa nzima italia ngiii kama kengele ya kanisa, sauti inachelewa kufa. Ikitoa sauti ya debe, ujue ule ukanda wa chuma unaounganisha mitutu miwili umeachia mahali, na maji yameshaingia chini yake.

Kisha irudishwe bila ule mti wa mbele, aishike mitutu, atikise kitako. Kikicheza, bawaba imekula.

Kisha aelekeze tundu kwenye mwanga wa dirisha. Kioo, au vishimo vya kutu? Kutu ukiikwangua, tundu linapanuka, ukuta unakuwa mwembamba. Uingereza tundu likipanuka robo milimita tu kupita kipimo cha muhuri, bunduki hairuhusiwi kuuzwa hadi ijaribiwe upya. Na kuta zikifika nusu milimita hakuna mwenye akili anayeipiga.

Swali: ilishawahi kusuguliwa au kupakwa rangi?

#8 Mchungwa_wa_Muheza
Asanteni sana wakuu. Fundi, umenigusa penye kidonda. Mwaka 2019 kaka yangu alitaka kumfurahisha babu, akampelekea fundi mmoja wa samani kile kitako. Alikipiga msasa, akakipaka vanishi inayong'aa kama meza ya sebuleni. Kulikuwa na vichoroko vidogo vya msalaba pale mkono unaposhika, vikafutika vyote. Babu hakusema kitu. Aliipangusa kwa kitambaa, akaiweka kabatini. Tangu siku ile sikumwona akiipiga tena.

#9 Fundi_wa_Ngamiani
Pole sana ndugu. Vile vichoroko vilichongwa kwa mkono, mstari mmoja baada ya mwingine, ili mkono wenye jasho usiteleze. Mnunuzi wa vitu vya kale ndicho anachotazama kwanza. Mafuta ya kitani yaliyozama miaka mingi kwenye mti wa jozi hayarudishwi na vanishi.

Wengine mnaosoma hapa mkiwa na vya wazee wenu: msisugue, msipake, msing'arishe. Kutu nyepesi, futeni kwa mafuta na kitambaa, muache hapo.

#10 Leicester_Mbongo
Niko huku Uingereza, huwa nafuatilia minada ya bunduki kwa kupenda tu. Niwape hali ya soko.

Majina makubwa ya London, Purdey, Holland & Holland, Boss, bado yanapiganiwa. Mpya ya Purdey inapita pauni laki moja. Za zamani zao pia zina bei, hasa zikiwa na sanduku la ngozi, na kiwanda kikithibitisha namba yake kwenye daftari kwamba ilitengenezwa mwaka fulani kwa bwana fulani. Zikiwa jozi, namba 1 na namba 2 za dhahabu, bei inapaa kuliko mbili za mojamoja.

Za kawaida zimeanguka vibaya. Nyundo za nje, Ubelgiji, jina lisilo na daftari: nimeona zikienda pauni 50, 80, 150 ikiwa safi. Hiyo ni laki moja na nusu hadi nusu milioni ya Bongo. Milioni 35? Hapana.

Sababu naona ni madini ya risasi. Mwaka 2020 mashirika tisa ya uwindaji na ulengaji ya huku yalitangaza kuachana na marisau ya risasi ndani ya miaka mitano kwa sababu ya sumu yake kwa ndege. Marisau ya chuma ni magumu, mitutu myembamba ya zamani haiyawezi. Watu wakaogopa kununua.

#11 Nanyuki254
Leicester, bei zilianza kushuka kabla ya 2020. Mimi nasema ni mtindo. Vijana wanataka mitutu inayopandana, mmoja juu ya mwingine, wanapiga visahani vya udongo. Ya ubavu kwa ubavu wanaiona ya babu zao.

#12 Fundi_wa_Ngamiani
Au ni urefu wa risasi tu. Za zamani chemba yake, pale risasi inapokaa, ni milimita 65, risasi za madukani leo nyingi ni 70. Inaingia vizuri, inafunga vizuri, ila ikilipuka mdomo wa ganda hauna pa kufungukia, shinikizo linapanda. Mtu akishasikia hadithi ya mtutu uliopasuka karibu na mkono wa kushoto, hanunui cha kale.

#13 Ngosha_wa_Magu
Wazee mnakatisha tamaa sana. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt alishuka Mombasa kuwinda akiwa ametoka juzi tu kwenye urais wa Marekani, na mkononi ana shotigani ya A.H. Fox ya Philadelphia. Oktoba 2010 ikauzwa mnadani kule Maine dola 862,500. Bunduki moja! Kwa nini ya babu yake Mchungwa isiwe na bei? Nayo ina historia. Mkonge, Mgiriki, 1967.

#14 MzeeMarisau
Ngosha, safari hii umeleta hoja nzito, nakupongeza. Umegusa kitu ambacho sisi tuliacha: bunduki imepita mikononi mwa nani.

Lakini ile Fox ilikuwa ya daraja la juu kabisa la kiwanda, na ina karatasi. Kuna barua, kuna picha, kuna maandishi ya Roosevelt mwenyewe. Historia bila karatasi ni hadithi ya barazani, tamu lakini mnadani haina mteja. Mchungwa, leseni ya kwanza ya babu ipo? Kuna jina la Mgiriki popote?

#15 Nanyuki254
Na Nairobi ya zamani kulikuwa na wauza bunduki kama Charles Heyer & Co. Ukikuta jina la duka la hapa Afrika Mashariki kwenye mtutu au kwenye sanduku, wapenzi wa historia ya safari huongeza bei.

#16 Mswahili_wa_Muscat
Assalaam alaykum. Huku Oman mambo ni mengine kabisa. Ukienda soko la Matrah utakuta bunduki za Martini-Henry za Waingereza za karne ya 19, zimefungwa pete za fedha mtutu mzima. Mzungu atakwambia hizo pete zimeharibu uhalisia. Mwarabu anakwambia bila fedha haichezewi ngoma ya razha harusini. Bunduki moja, bei mbili, na wote wawili wana haki.

#17 Kanga_na_Kwale
Kwetu Tunduru wazee wana magobore hadi leo. Kwa nini sisi tulibaki na magobore wakati wengine wana za kisasa?

#18 MzeeMarisau
Tunatoka nje ya mada lakini nijibu kifupi. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia bunduki za kisasa kuingizwa Afrika kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini. Zilizoachiwa kwa wenyeji ni gumegume, zile za kuwashwa kwa cheche za jiwe, na baruti ya kawaida. Kwa hiyo gobore la babu yako lilikuwa uamuzi wa watu waliokaa mezani Ulaya.

#19 Wakili_Mtaratibu
Naomba nirudishe uzi kwenye mirathi, maana humo kuna mtu ataumia.

Leseni ni ya mtu, haifuati bunduki. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, mrithi hawezi kuichukua tu kama kabati. Lazima aombe leseni yake mwenyewe, na anaweza kukataliwa. Kuipeleka mnada wa Ulaya ni vibali vya kutoa huku na vya kuingiza kule, wakala, usafiri. Ukijumlisha gharama hizo kwa bunduki ya pauni 100, unadaiwa wewe.

Wote mnauliza "ina thamani gani?" Mimi nauliza: ina thamani gani kwa shangazi, leo, Muheza? Kitu asichoweza kukishika, kukitumia wala kukiuza, hata kikiandikwa milioni 35, ni fungu tupu. Asisaini.

#20 Bint_Pangani
Wakili asante kwa kulisema. Nimesoma uzi wote nasubiri nani atamkumbuka huyo mama. Kwetu walimpa mama yangu "thamani ya jahazi". Jahazi lilikuwa limekaa pwani miaka sita, mbao zimeliwa na funza. Kaka zake wakachukua minazi. Mchungwa, simama naye.

#21 Leicester_Mbongo
Wakili, hapo sikubaliani kidogo. Thamani ya soko na uwezo wa mtu kuuza ni vitu viwili. Mthaminishaji wa huku ataandika bei ya soko bila kujali mrithi ni nani.

#22 Wakili_Mtaratibu
Soko lipi? Kwa chombo cha leseni, soko ni wale tu wenye ruhusa ya kukinunua pale kilipo. Niletee mnunuzi wa Muheza.

#23 Mchungwa_wa_Muheza
Wakuu, nimerudi na majibu. Jana nilienda kituoni na msimamizi wa mirathi, tukaomba kwa barua. Mtunza silaha alikuwa mtu mwema, akaitoa, akahakikisha haina kitu, akafungua mwenyewe. Mimi nilishika tochi na daftari.

Chini ya mitutu kuna yai, ndani yake ELG na nyota, na juu kuna taji dogo sana, nusu limefutika. Kuna 12 na C kwenye almasi. Kuna 18.4 kwenye mtutu wa kulia na 18.4 wa kushoto. Hakuna anwani, hakuna Liverpool wala mji wowote.

Aliigonga. Mzee, Fundi, ililia! Tulinyamaza wote watatu hadi sauti ikaisha. Ila kitako kinacheza kidogo, na ndani ya mtutu wa kushoto kuna vishimo kuanzia katikati.

Halafu kuna jambo. Chini ya kitako kuna kibati cha fedha cha ukubwa wa ukucha. Vanishi imekijaa, lakini kwa tochi tuliona herufi mbili zimechongwa. Ya kwanza ni K. Ya pili sikuisoma.

#24 MzeeMarisau
Kazi nzuri sana kijana. Taji juu ya yai: Liège, kuanzia 1893. Nyundo za nje Wabelgiji waliendelea kuzitengeneza hadi karne ya 20, kwa hiyo tusidhani ni ya kale sana. Ni bunduki ya kazi, iliyofuliwa vizuri, kwa mkulima. Imelia kwa sababu babu yako aliipangusa. Heshima yake hapo.

Mtu asiipige. Vishimo kwenye mtutu wa kusokotwa huwezi kujua vimeingia wapi.

#25 Nanyuki254
Ubelgiji nakubali. Lakini duka la Liverpool lingeweza kuagiza Liège na kuchonga jina lake. Mlango bado haujafungwa.

#26 MzeeMarisau
Mwenye duka angechonga na mji wake, apate wateja. Nani anatangaza duka bila kusema liko wapi?

#27 Nanyuki254
Mzee, ningekuwa Muheza tungemalizia hii kwa kahawa na kashata.

#28 Ngosha_wa_Magu
Hiyo K ni jina la Mgiriki! Majina ya Kigiriki mengi yanaanza na K. Mkipata jina, mkapata na hati za shamba, bei inabadilika.

#29 Leicester_Mbongo
Ngosha, mkulima wa mkonge si Roosevelt. Ila kwa wajukuu wa huyo Mgiriki, kama wapo, hicho kibati ni kitu kikubwa. Pengine wao ndio soko pekee la kweli.

#30 Fundi_wa_Ngamiani
Vanishi juu ya kibati msiikwangue kwa kisu. Pamba na spiriti kidogo, taratibu, mbele ya mtunza silaha. Mkikwangua mtafuta na herufi.

#31 Bint_Pangani
Na shangazi je?

#32 Mchungwa_wa_Muheza
Bint Pangani, jana usiku tulikaa kikao. Nilichora ile mihuri kwenye karatasi kubwa nikaeleza moja moja kama Mzee alivyofundisha. Baba mdogo alibisha hadi saa nne, akasema mtandao hauwezi kudanganya. Msimamizi akamuuliza: kama ni milioni 35, uko tayari kuichukua wewe iwe fungu lako, shangazi achukue ekari zako? Akanyamaza.

Kwenye orodha imeandikwa laki tatu, na maneno "haifai kupigwa". Shangazi amepata ekari mbili upande wa mtoni. Nani ataomba leseni bado hatujakubaliana. Kaka anataka tuisalimishe moja kwa moja, mimi nataka tuulize kama inaweza kuzibwa mitutu ibaki kumbukumbu.

Shangazi mwenyewe aliuliza kitu kimoja tu, kama ile vanishi inaweza kutoka.

#33 Fundi_wa_Ngamiani
Inatoka. Vichoroko havirudi, lakini mti utapumua. Akipatikana mwenye leseni na polisi wakiruhusu, nitakuja Muheza mwenyewe. Nauli juu yangu.